Zile video za rock za vituko za miaka ya 2000 zilishutiwaje? Niliwahi kuiga moja, nikaumbuka

Mleta uzi umeuliza zile video mbili, ya jamaa anayetembea kinyumenyume na ya madramu yanayozuka barabarani, zilitengenezwa kwa kompyuta ya aina gani. Mkuu, jibu fupi ni kwamba nyingi ni jasho tu. Jibu refu ninalo kwa sababu niliwahi kujaribu kuiga moja, na mpaka leo washkaji wananitania.

Hiyo ya kinyumenyume ni “The Scientist” ya bendi ya Coldplay, ya 2002, mwongozaji Jamie Thraves. Mwimbaji wao Chris Martin anaanza kalala kwenye godoro, anainuka, anapita mitaani huku kila kitu kinarudi kilikotoka, mpaka porini kwenye gari. Hapo ndipo unagundua kuwa muda wote ulikuwa unaangalia mtu anayetoka kwenye ajali. Binti aliye garini ni mwigizaji wa Ireland, Elaine Cassidy. Sasa, kurudisha picha nyuma si kazi, kila programu ya kuediti inafanya. Kazi iko mdomoni. Picha inarudi nyuma lakini wimbo unakwenda mbele, na midomo inalingana na maneno. Kwa hiyo siku ya kushuti jamaa alikuwa anauimba wimbo kutoka mwisho kwenda mwanzo. Kuukariri hivyo kulimchukua kama mwezi mzima.

Mimi nikaona wiki inatosha.

Wakati huo nilikuwa naediti video za harusi na kipaimara Morogoro, kamera ya kanda ndogo, kompyuta ya kulala inahema usiku kucha ili itoe dakika tano. Dogo mmoja wa mtaani alikuwa na ngoma yake ya mapenzi, nikamwahidi kitu ambacho Bongo hakijawahi kuonekana. Nikaigeuza sauti, nikamchomea CD, akaenda kukariri. Shida ikaja kwenye lugha yenyewe. Maneno yetu mengi yanaanza na konsonanti na karibu yote yanaishia na irabu, kwa hiyo ukiyageuza yanaanza na irabu na kuishia na konsonanti: “mapenzi” inakuwa “iznepam”, “nakupenda” inakuwa “adnepukan”. Na hapo ni kwenye karatasi tu. Kwenye spika hata herufi zenyewe zinapinduka, ile p inasikika kama mtu anavuta pumzi badala ya kuipuliza. Mdomo wa Mswahili haukubali kuachia neno hewani namna hiyo, dogo akawa anaongeza irabu bila kujijua: “iznepamu”, “adnepukani”. Nilipoigeuza picha, kile kijirabu cha mwisho kikawa cha mwanzo, mdomo unafunguka kabla sauti haijatoka. Ilikuwa kama filamu ya Kihindi iliyoingizwa sauti vibaya.

Kilichopendeza ni nisichokipanga. Kuku wanatembea wametanguliza mikia. Mama wa maandazi pale kona anachukua andazi la kahawia kwenye sahani, anatumbukiza kwenye karai, anatoa donge bichi, anaendelea hivyo kwa utulivu kabisa huku moshi unarudi jikoni kwake. Dogo aliikataa video. Yule mama ndiye aliyekuja kuomba kopi.

Tuje kwenye madramu. Ile ni “The Hardest Button to Button” ya bendi ya The White Stripes, 2003, mwongozaji Mfaransa Michel Gondry. Kila pigo, seti mpya ya dramu inazuka na mpiga dramu wao Meg White yuko juu yake. Wengi tuliapa kwamba ni seti moja imerudufiwa kwenye kompyuta. Hapana: zilitafutwa seti 32 zinazofanana, amplifaya 32 na stendi za maiki 16. Unapanga seti, Meg anapiga, kamera inasimama, mnaweka nyingine mbele yake, anahamia, anapiga tena. Hivyo hivyo mitaani New York, pigo kwa pigo, halafu mhariri anaunganisha. Ukitaka ziyeyuke, unafanya kinyume. Baadaye zile seti zikapewa shule ya muziki. Ukiwa na jicho utamwona mwanamuziki Beck akimkabidhi sanduku Jack White, mwimbaji wa bendi.

Mwaka mmoja nyuma Gondry alikuwa amewafanyia “Fell in Love with a Girl” kwa matofali ya Lego: panga, piga picha, panga upya. Wimbo ni dakika 1 na sekunde 50, na hapo ushukuru ni mfupi. Yule mtoto anayepanga matofali mwanzoni ni mwanawe Gondry. Jack White alishasimulia kwamba waliomba Lego watoe vipande vya kufungashia na singo, wakakataliwa. Video ilipovuma kampuni ikarudi yenyewe, naye akakataa. Kwangu mimi hii ndiyo bora kuliko zote, na sibishani na mtu.

“Yellow” ya Coldplay, 2000, haina kituko machoni, ni mtu mmoja ufukweni Studland, kusini mwa Uingereza, shoti moja bila kukata. Ila siku ile bendi nzima ilipangwa iwepo. Ikagongana na mazishi ya mama yake mpiga dramu, Will Champion, na hali ya hewa nayo ikaharibika, akabaki Chris Martin peke yake. Na mdomo tena: picha ni ya mwendo wa taratibu, kwa hiyo pale ufukweni alikuwa anafuatisha wimbo uliopigwa kwa kasi mara mbili.

Ya kompyuta kweli ni “Californication” ya Red Hot Chili Peppers, inayoonekana kama gemu. Gemu lenyewe halikuwepo madukani.

Aliyetaja ile ya mashine za kukimbilia za gym, hiyo ni ya bendi ya OK Go, 2006, imechelewa kidogo lakini acha iingie. Mashine 8, dada yake mwimbaji ndiye aliyewaongoza, shoti moja tu, na waliipata baada ya kurudia mara 17.

Ya dogo msiniombe niiweke hapa. Kanda ile nilikuja kurekodi kipaimara juu yake.