Jibu langu kwa kina mama wa kikoba, kuhusu Oman

Kina mama, shikamooni. Ujumbe wa sauti wa mwenyekiti nimeusikiliza usiku, baada ya kazi. Mnasema kuna wakala amefikia Majengo, hapo Moshi, anaandikisha mabinti wa kwenda Muscat kufanya kazi za ndani. Mshahara milioni moja kwa mwezi, kula na kulala bure, tiketi bure. Na akibanwa maswali anajibu, "Mbona binti wa hapo Njoro yuko huko na amemjengea mama yake?" Huyo binti ni mimi. Mnaniuliza kama ni kweli, na kama kikoba kiwakopeshe hao mabinti hela ya pasipoti, laki moja na nusu kila mmoja.

Nimekasirika, siwafichi. Huyo mtu simjui, hajawahi kunipigia hata simu, halafu anatumia jina langu kuchukulia watoto wa watu. Nyumba ya mama ni kweli ina bati jipya na plasta imefika nusu, na hela ilitoka huku. Lakini kuna mambo ambayo sijawahi kuyasema kwenye simu, kwa sababu mama ana presha, na mtu akiwa mbali akiulizwa "umekula?" anajibu nimekula.

Ya vipigo na ya mabinti waliorudishwa kwenye sanduku mmeyasikia redioni, siyarudii. Mwaka 2017 Human Rights Watch walitoa ripoti nzima juu ya Watanzania wanaofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu, na mengi ya humo nimesimuliwa na walioyapitia. Mimi nataka niwaambie habari ya pasipoti tu.

Tulipotua, mtu wa ofisi ya uwakala alikusanya pasipoti zetu wote kabla hatujapanda gari. Mkataba niliosaini Dar ulisema rial 80. Huku nikaletewa mwingine wa Kiarabu, nikaonyeshwa pa kuweka sahihi, na nilipouliza mshahara nikaambiwa 60. Rial moja ni kama dola mbili na senti sitini, pigeni hesabu wenyewe muone kama inafika hiyo milioni. Mama wa nyumba alipokuja kunichukua, pasipoti ilitoka kwenye droo ya wakala ikaingia kwenye mkoba wake. Chumbani kwake aliifungia kwenye kabati, pamoja na dhahabu zake na vyeti vya watoto, na ufunguo akauvaa shingoni kwenye mkufu. Lile kabati nililifuta vumbi kila asubuhi. Mlango, vishikio, kile kioo kirefu cha pembeni, nalisugua mpaka ling'ae, na kitabu chenye picha yangu na jina la baba yangu kimo humo ndani.

Yule mama alikuwa anaongea Kiswahili safi. Nyumba nyingi huku ziko hivyo, bibi zao walizaliwa Unguja au Pemba, utakuta wanapika mandazi na kuimba nyimbo za huko. Nilitegemea lugha ingenisaidia. Siku niliyoomba nipumzike Ijumaa alinijibu kwa upole kabisa, "Mie nimekulipia rial mia saba ofisini. Ikitimia miaka miwili utapumzika kwenu." Hakunifokea. Alikuwa anaamini anachosema: ametoa hela, kwa hiyo mpaka irudi mimi ni wake, saa kumi na moja alfajiri mpaka watoto walale.

Hapo ndipo ile "tiketi bure" inapotoka, mama zangu. Kuna mtu ameilipa, na ataidai. Binti akisema nimeshindwa, naomba nirudi, anaambiwa alipe gharama zote za kuletwa kwanza. Visa yenyewe iko chini ya mwajiri, huku anaitwa kafili. Ukitoka nyumbani kwake bila idhini anakwenda kuripoti kwamba umetoroka, na kuanzia hapo mkosaji ni wewe, unaweza kukamatwa na kufukuzwa nchini. Sheria ya kazi ya Oman haimgusi mfanyakazi wa ndani, hata hii mpya ya mwaka 2023 ilimwacha nje. Mwajiri kushikilia pasipoti ya mtu hairuhusiwi hata huku, lakini binti aliyefungiwa geti, simu kanyang'anywa, atakwenda kuidai kwa nani?

Kwa hiyo jibu langu la kwanza: msiwakopeshe. Asije mtu.

Halafu nakaa, nafikiria, naona siwezi kuishia hapo. Mimi mwenyewe nilipomaliza mkataba yule mama alinipa barua ya kuniachia, nikapata nyumba nyingine. Sasa pasipoti iko kwenye begi langu, Ijumaa natoka, mshahara unaingia benki. Ada ya mdogo wangu imetoka huku, dawa za mama pia. Nikimwambia binti wa miaka ishirini na tatu abaki Mbuyuni na beseni la nyanya, atanitazama usoni aniulize mbona wewe hukubaki, na ana haki ya kuuliza. Kuna siku naona aibu kwamba niko huku na nyie ndio mnamuuguza mama yangu. Kuna siku naona nisingekuja tungekuwa wapi.

Basi anayekuja, aje kwa njia inayoonekana. Awe mtu mzima, na kitambulisho cha NIDA kiseme hivyo, siyo umri wa kuongezewa. Wakala aonyeshe leseni ya wizara inayoshughulikia kazi, na jina la kampuni mkaliulize TaESA, hao ni ofisi ya serikali ya huduma za ajira, kuuliza hakulipiwi. Mkataba usomwe kwa Kiswahili, mbele ya watu, ukiwa na jina la mwajiri, mtaa anaokaa, mshahara kwa rial na siku ya mapumziko. Nakala ibaki kikobani. Pasipoti ipigwe picha kabla ya safari, visa pia, na picha zibaki kwa watu wawili ambao si ndugu. Ndugu wanaona aibu, wanaficha.

Na akiwaambia safari inapitia Namanga, mkapandie ndege Nairobi, mfukuzeni. Uwanja wa ndege wa KIA uko hapo kwenye barabara ya Arusha, mnaona ndege zinashuka. Mtu wa Moshi anapelekwa mpaka Kenya ili akwepe maswali ya uhamiaji wetu. Vilevile akiwafundisha waseme "naenda kutembea kwa shangazi". Mwenye kazi halali hana haja ya kumfundisha mtoto wa watu uongo.

Akishafika, asitoroke hovyo usiku kwa hasira. Ajue kwanza ubalozi wetu uko wapi, upo hapa hapa Muscat, na awe na namba yake kichwani, maana simu ndiyo kitu cha pili kuchukuliwa baada ya pasipoti. Lakini akianza kushikwashikwa na baba wa nyumba au vijana wake, atoke hata peku. Visa itajulikana mbele ya safari.

Sisi huku tuna kikundi chetu. Hakijasajiliwa, hakina ofisi. Ni wanawake wa kazi za ndani, wa Tanga, wa Singida, wa Pemba, wa kwetu huko Rombo, tunakutana Ijumaa mtaa wa Ruwi, hapa Muscat, wanapotumia watu hela. Binti mpya akifika, mmoja wetu anampata kwenye simu kabla haijachukuliwa, anamwomba picha ya pasipoti na ramani ya alipo. Akikaa kimya, tunaanza kuuliza. Tumeshamfuata mmoja ambaye mtu wa mwisho kuongea naye alikuwa muuza duka wa chini ya ghorofa. Alituma neno kwenye karatasi ya risiti, akaifunga ndani ya mfuko wa taka aliokuwa anaushusha. Yule muuza duka, Mhindi wa watu, akapiga namba iliyoandikwa pale. Ubalozi ukaingia, tukachanga tiketi, akarudi kwao. Mshahara wa miezi mingi hakuupata mpaka leo. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba hata aliyeokolewa anafika kwao mikono mitupu, na majirani wanamcheka wanasema ameshindwa maisha. Akirudi mtu wa namna hiyo hapo Moshi, mpokeeni. Msimuulize ameleta nini.

Sasa nina neno jingine, na najua baadhi yenu mtanuna. Nitalisema kwa sababu nyie ni mama zangu.

Mnanililia mimi kwa habari ya yule mama wa Muscat. Lakini pale nyumba ya kona, karibu na anapokaa mama mkubwa, kuna binti aliletwa kutoka Kondoa. Nilimkuta nilipokuja likizo. Aliletwa kwa basi, nauli ikatumwa kwa konda, konda akafika stendi akapiga simu, "Mama, mgeni wako amefika, njoo umchukue." Laini yake ya simu anayo mama mwenye nyumba, eti asije akarubuniwa na bodaboda. Mshahara unasemwa unatumwa kwa mama yake kijijini. Nilimuuliza yule mtoto unalipwa shilingi ngapi, akatazama chini, akasema hajui, mama ndiye anajua. Alikuwa anasugua sufuria kwa majivu, vidole vimechanika. Alikuwa na umri wa kuwa darasani.

Sheria yetu ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ni ya mwaka 2008, na haikuandikwa kwa ajili ya Waarabu. Inamtaja anayemchukua mtu, kumsafirisha, kumhifadhi au kumpokea kwa kisingizio cha kazi, iwe ya hapa nchini au ya nje, ili amtumikishe kwa nguvu au kwa deni. Haidai mpaka mtu avuke mpaka wa nchi. Amri ya kima cha chini cha mshahara ya mwaka 2022 wakati huo ilimwekea anayelala kwa mwajiri shilingi 60,000 kwa mwezi. Ilikuwa ndogo, na bado kuna nyumba hapo Moshi ambazo hata hiyo haifiki mkononi mwa binti. Anashikiwa laini, anashikiwa mshahara, anashikiwa geti. Mimi nilishikiwa pasipoti. Sioni tofauti, na sitaki mtu anieleze kwamba yule "analelewa kama mtoto wa nyumbani". Mtoto wa nyumbani yuko shule.

Kwa hiyo mnapouliza kikoba kifanye nini, mimi ningeanzia hapo. Kila mwanachama mwenye dada wa kazi amlipe mkononi au kwenye namba yake mwenyewe, na kikoba kijue. Mnakagua marejesho ya mikopo kila wiki mpaka shilingi mia tano, na hili mnaliweza. Hao madada waje kwenye mkutano hata mara moja kwa mwezi, waongee wenyewe bila bosi kukaa pembeni. Mwanza kuna WoteSawa, shirika lililoanzishwa na Angela Benedicto, ambaye alikuwa mfanyakazi wa ndani, na kazi yao inaendeshwa na wanaoijua hiyo kazi. Chama cha wafanyakazi cha CHODAWU nacho kinawachukua wafanyakazi wa majumbani, waulizeni wanajiungaje.

Kwa mtoto, pigeni 116, simu ya kusaidia watoto, ni bure. Kituo cha polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, na kata ina afisa ustawi wa jamii. Nendeni watatu, wanne. Mama mmoja akienda peke yake anaambiwa ana wivu na jirani. Makonda pale stendi wanawajua watoto wanaoshushwa wakiwa na mfuko wa rambo na namba iliyoandikwa kwenye karatasi, ongeeni nao vizuri, wana watoto pia. Na tarehe 30 Julai, siku ya dunia ya kupinga biashara ya kusafirisha watu, mwenyekiti wa mtaa hawezi kuwanyima uwanja mkimwomba mapema.

Mama mkubwa, najua yule mwenye nyumba ya kona ni mwanachama, na ndiye aliyenichangia nauli ya kwenda Dar. Sijasahau. Namheshimu. Mwambieni kwamba ni mimi nimesema, asidhani mmemsema nyie, na mwambieni sitaki akamatwe kama atamlipa mtoto haki yake yote na kumrudisha kwao na mtu mzima wa kumsindikiza, siyo konda. Nauli ya wote wawili natuma mimi. Asipotaka, nendeni kwa ustawi wa jamii, msinisubiri.

Kuhusu wakala wa Majengo: nitumieni namba yake ya simu leo, na jina la kampuni kama lilivyoandikwa kwenye fomu, pigeni picha fomu yenyewe. Muulizeni visa zinatoka ofisi gani ya huku. Kesho kutwa ni Ijumaa, tutakwenda wenyewe kuiangalia hiyo ofisi kama ipo. Mpaka niwajibu, mtendaji asiandike barua ya utambulisho ya binti yeyote, na hela ya kikoba ikae kwenye sanduku.