Bundi wa bustanini asipigwe mawe

Kamwene dada. Unasema umemkuta bundi mchana kweupe juu ya mti wa bustani hapa Iringa mjini, na watu wanataka kumpiga mawe eti kaleta mkosi. Tafadhali wazuie.

Hakuja kutabiri msiba. Amefuata panya, na mjini wapo tele. Mti wenye kivuli kizito unamtosha kulala hadi giza liingie. Kwa ulivyomweleza, macho ya njano na vishungi viwili kichwani, huenda huyo ni bundi mwenye madoadoa. Yule wa uso mweupe wenye umbo la moyo ni mwingine, hupenda kukaa darini. Na vile vishungi ni manyoya tu, masikio yenyewe yamefichika pembeni mwa kichwa.

Angalia chini ya mti. Ukiona vidonge vya kijivu, vinene kama kidole gumba, pasua kimoja kwa kijiti. Utakuta manyoya, vifupa, pengine fuvu la panya na meno yake. Si kinyesi, ni mabaki ambayo tumbo lake limeshindwa kuyasaga, akayatapika. Wanangu walipoona hivyo, hofu iliwaisha palepale.

Usiku msimmulike tochi machoni. Ninachokiogopa zaidi ni sumu ya panya: bundi akila panya aliyeinywa, naye anaweza kufa. Waombe wenye vibanda hapo jirani watumie mitego. Akionekana ameumia, mwite ofisa wanyamapori wa wilaya, usimbebe kwenda naye nyumbani.