Granaiti kuwa ngumu haina maana kwamba maji hayapiti

Mkuu, umeuliza kama granaiti ya huku Dodoma, kwa ugumu wake, ingezuia taka za nyuklia zisifike kwenye maji. Ugumu siyo hoja, hoja ni nyufa. Maji ya visima vya Makutupora tunayokunywa hapa mjini yanatoka humo humo, kwenye mwamba uliochakaa na kupasuka. Jiwe lenyewe halipitishi karibu kitu, ila ufa ukiungana na mwenzake maji yameshapata njia.

Ndiyo maana modeli ya kukadiria maji yanavyopita mwambani haianzii kwenye kompyuta. Unachimba visima vya uchunguzi, unaziba kipande cha shimo juu na chini, unasukuma maji humo kwa presha uone yanapenya kiasi gani. Kanuni ya Darcy ya 1856, ya kukokotoa maji yanavyopita ardhini, inakuja baadaye. Na mvua inayojaza maji ya ardhini usiipigie wastani wa mwaka: Makutupora hujazwa zaidi na misimu michache mizito, mfano El Niño ya 1997/98.

Finland, pale Onkalo, hifadhi yao ya taka za nyuklia ndani ya mwamba, wameshuka zaidi ya mita 400 na bado mpango wao ni taka zifungwe kwenye makasha ya shaba yaliyozungushiwa bentonaiti, udongo unaovimba ukilowa. Mwamba peke yake hawauamini, na plutoniamu-239, mojawapo ya vitu vilivyomo kwenye taka hizo, huchukua miaka kama 24,100 kupungua nusu tu.