Bamvua haikuwemo kwenye fomu yetu

Nilipokuwa mwaka wa mwisho wa masomo ya utayarishaji wa filamu, tulipewa kazi ya kutengeneza video ya wimbo wa mwanafunzi mwenzetu, na pamoja na hadithi na bajeti tulitakiwa kuwasilisha fomu ya tathmini ya hatari. Fomu yetu ilipendeza kuisoma. Tuliandika kwamba kila mmoja atakuwa mwangalifu karibu na maji, kwamba nyaya zitawekwa mahali salama, na kwamba sanduku la huduma ya kwanza litakuwepo. Ikapitishwa bila swali. Leo nikiikumbuka naona kuwa haikuwa na sentensi hata moja iliyouhusu ufukwe wa Kigamboni tuliokuwa tunakwenda. Ungeweza kuibandika kwenye kazi ya kurekodiwa Dodoma, tena ndani ya ukumbi.

Ufukwe wenyewe tuliukagua wiki moja kabla, asubuhi, maji yakiwa yamejaa. Tuliona yalipokomea, tukahesabu hatua hadi kwenye minazi, tukaridhika. Tusilolijua ni kwamba siku ile yalikuwa maji mafu, bahari ikiwa haijai sana wala haipwi sana, na kwamba siku tuliyopanga kurekodi iliangukia siku mbili baada ya mwezi mpevu. Hiyo ni bamvua, ambapo katika pwani ya Dar es Salaam tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3, na kilele chake huja alasiri, saa ile ile tuliyoichagua kwa sababu ya mwanga mzuri wa jua.

Mzee mmoja mvuvi aliyekuwa akishona nyavu alitutazama tukipanga vifaa, akasema, "Wanangu, leo bamvua. Hapo mlipoweka mashine patakuwa bahari." Tukamjibu kwa adabu, "Tunamalizia, mzee," tukaendelea.

Maji yaliyofika kwenye kiungio cha ekstensheni hayakuwa wimbi la kutisha. Yalikuwa ulimi mwembamba tu, wenye povu, uliopita chini ya nyayo zetu na kurudi. Kijana aliyeshika stendi ya chuma ya taa, akiwa peku, alipigwa shoti na kutupwa chali. Mwongozaji alipiga kelele jenereta izimwe, lakini spika ilikuwa ikipiga wimbo kwa sauti ya juu ili madansa wafuatishe, na mwenzetu aliyesimama kando ya jenereta aliuona mdomo ukifunguka, akadhani anapongezwa, akanyoosha dole gumba. Madansa waliendelea kucheza. Kijana alipona, na zahanati walimruhusu jioni ile ile, lakini lile dole gumba sijalisahau.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa anayepanga video ya wimbo ni kuhusu spika. Kazi hii inatofautiana na filamu nyingine kwa kuwa muziki hufunika onyo, na kupiga kelele hakusaidii. Mwenye spika awe mtu wa usalama: ishara ya mikono miwili juu, itakayotolewa na yeyote hata aliyekuja kubeba maji ya kunywa, imaanishe wimbo unakatwa papo hapo. Kimya ndicho kitakachowasimamisha wote. Jenereta nayo izimwe kabla ya mtu yeyote kumgusa aliyenaswa na umeme, na aliyepewa kazi hiyo aandikwe kwa jina, asiondoke hapo kwenda kutazama picha kwenye kamera.

Umeme wenyewe hauna mjadala mrefu: viungio viinuliwe kutoka ardhini, tumieni swichi inayojikata umeme unapovuja, na penye maji, taa za betri ni bora kuliko ujasiri. Droni iombewe kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga mapema.

Kuhusu ruhusa ya eneo, wanafunzi wengi huiona kama usumbufu wa kuzungushwa na mihuri. Mwaka 2014, katika jimbo la Georgia nchini Marekani, msaidizi wa kamera Sarah Jones aliuawa na treni akiwa kazini kwenye daraja la reli ambalo kampuni yenye reli ilikuwa imekataa kulitolea ruhusa. Mwaka uliofuata mwongozaji alikiri mahakamani kosa la kuua bila kukusudia. Mwenye mahali anajua kinachopita hapo na saa kinapopita. Mzee wetu wa nyavu naye alijua, ila hakuwa na muhuri.

Siku hizi, ninaposimamia vijana, sipokei fomu iliyoandikiwa bwenini. Waende mahali penyewe, saa ile ile watakayorekodi, wakaulize wanaoshinda hapo, na kama ni pwani waniambie mwezi wa angani utakuwa na siku ngapi tangu uandame. Kundi la mwisho liliahirisha kazi wiki nzima kusubiri maji mafu. Siku ile ilikuwa ya mawingu, picha zikatoka na rangi ya majivu, na walinilalamikia mpaka siku ya kukabidhi.