Binti Yangu Anataka Kurusha: Maswali ya Wazazi wa Softiboli

Msimu wa softiboli, mchezo unaofanana na besiboli, ukikaribia huku Marekani, barua za wazazi wetu huongezeka, na nyingi zinahusu nafasi moja: mrushaji. Ni yule msichana anayesimama katikati ya uwanja, anazungusha mkono duara zima kando ya mwili, kisha anauachia mpira chini kwenye nyonga kuelekea kwa mpigaji mwenye gongo. Kila kitu kinaanzia mkononi mwake, ndiyo maana wasichana wenye roho ya kupambana wakiitaka nafasi hiyo hawasikii nyingine. Nimechagua maswali machache.

Binti yangu ana miaka 9 na ameshikilia kwamba atakuwa mrushaji. Mimi nimekulia kwenye kandanda Bukavu, mchezo huu siujui kabisa. Nimsaidieje? (Baba, Louisville)

Baba, si lazima uujue mchezo ndipo umsaidie. Mrushaji anahitaji mtu wa kumdakia, na mtu huyo ni wewe. Nunua glovu yako, tafuta ndoo imara, ipindue, ikalie. Pita jioni kwenye viwanja vya wasichana utawakuta wazazi wamejipanga juu ya ndoo zao, kila mmoja na bintiye mbele yake.

Pima umbali kwa futi kamba. Kwa umri wake ligi nyingi huweka mita 10.7, na mpira wenye mzingo wa sentimita 28. Kundi la wasiozidi miaka 12 hurushia mita 12.2, kwa mpira mkubwa zaidi wa sentimita 30. Kuanzia kundi la miaka 14 ni mita 13.1, umbali uleule wa wanawake wa Olimpiki. Usimsukume kwenye umbali wa wakubwa kabla ya wakati, maana atajifunza kujipinda ili mpira ufike, na kulinyoosha pindo hilo baadaye ni kazi.

Vile vikinga ugoko vyako vya kandanda vivae. Mpira ukigonga ardhi hatua moja mbele ya ndoo unakuja moja kwa moja kwenye mguu, na wiki za kwanza mingi itagonga ardhi. Dakika ishirini mara tatu kwa wiki zinamfaa kuliko saa mbili za Jumamosi. Na siku asiyotaka, mwache apumzike.

Kocha wa timu anamwambia binti yangu amalizie mkono juu begani, kiwiko kikielekea mbele. Mwalimu wa pembeni anasema mkono ulegee tu. Nani amsikilize? (Mama, Columbus)

Mwalimu wa pembeni. Dada, fungua video ya mrushaji yeyote wa timu ya taifa, ipunguze kasi, utazame mkono pale mpira unapotoka. Utaona sehemu ya mkono kati ya kiwiko na kiganja inagusa nyonga, kiganja kinageukia ndani, na baada ya hapo mkono unajiendea wenyewe. Hakuna anayesukuma kiwiko kwenda mbele. Zoezi hilo limefundishwa miaka mingi kwa nia njema, lakini kinachofundishwa sicho mwili unachofanya mpira ukiwa na kasi. Ongea na kocha faraghani na kwa heshima. Usimtume mtoto akapeleke ujumbe, utamweka katikati ya watu wazima wawili.

Shikamoo shangazi. Hapa wazazi wote wanasema kurusha kwa chini hakuumizi bega, hata mtoto arushe siku nzima. Wananitajia Mjapani mmoja aliyerusha mamia ya mipira akachukua dhahabu. Mwanangu wa miaka 11 amerusha michezo minne wikendi moja na sasa anaukung'uta mkono kila baada ya mpira. (Mama, Houston)

Marahaba mwanangu. Jambo hili linaniuma, kwa hiyo nivumilie nikirefusha.

Mjapani huyo ni Yukiko Ueno. Kwenye Olimpiki ya Beijing mwaka 2008 alirusha mipira 413 katika michezo mitatu ndani ya siku mbili, na Japani ikaishinda Marekani 3-1 kwenye fainali. Mwaka 2021, kwenye michezo ya Tokyo, alishinda dhahabu tena akiwa na miaka 39. Ninamheshimu sana. Lakini mwaka ule wa 2008 alikuwa mwanamke wa miaka 26, mwili umekomaa, kwenye siku mbili kubwa kuliko zote za maisha yake ya mchezo. Mwanao ana miaka 11, mifupa bado inakua, na wikendi ijayo kuna mashindano mengine.

Watafiti waliopima nguvu zinazolivuta bega wakati wa kurusha kwa chini wamekuta zinakaribiana na zile za mrushaji wa besiboli. Tofauti iko kwenye sheria. Kwenye besiboli ya Little League, ligi ya watoto, mtoto wa miaka 9 au 10 hazidishi mipira 75 kwa siku, na wa miaka 11 au 12 hazidishi 85. Kwenye softiboli ya wasichana mashindano mengi hayahesabu mipira kabisa. Timu inakuwa na warushaji wawili, mmoja anatisha zaidi kidogo kuliko mwenzake, basi huyo ndiye anayerushishwa tangu Jumamosi asubuhi hadi Jumapili jioni.

Kwa hiyo hesabu wewe. Chukua karatasi, piga mstari kwa kila mpira, ukijumlisha na ile ya kupasha mwili joto, kwa sababu bega haliitofautishi. Angalia dalili: anaukung'uta mkono, anashika bega kwa mbele, mipira inaanza kupaa juu, kasi inashuka. Ukiona hayo nenda kwa kocha umwambie kwa sauti ya kawaida kwamba leo amemaliza. Usimpe dawa ya maumivu ili aendelee kurusha, hata kama ni fainali.

Kwa mwanao, mpira uwekwe chini sasa hivi na umpeleke kwa daktari wa michezo. Akiruhusiwa kurudi, kila mwaka apate miezi ambayo harushi kabisa. Acheze kitu kingine, akimbie, aogelee. Nguvu ya mrushaji inatoka miguuni na nyongani, na hizo hazitapungua akipumzisha mkono.

Binti yetu anavaa hijabu na mikono mirefu. Itamzuia? (Mama, Minneapolis)

Haitamzuia. Chagua hijabu ya michezo isiyo na pini, ncha zake ziingie ndani ya jezi. Mkono wa kurushia usifunikwe na kitambaa chenye rangi ya mpira, yaani manjano au nyeupe, maana mwamuzi anaweza kukikataa. Mweleze kocha kabla msimu haujaanza. Mnunulie pia barakoa ya chuma ya kukinga uso, na aijaribishe dukani akiwa amevaa hijabu yake. Barakoa hiyo nawashauri wazazi wote. Akishaachia mpira yuko karibu mno na gongo la mpigaji.

Mpwa wangu ana miaka 11. Nilipie timu ya kusafiri kwenye mashindano ya mbali ili apate udhamini wa chuo? (Mjomba, Dallas)

Moyo wako ni mzuri, mjomba, ila subiri. Makocha wa vyuo vya daraja la kwanza kimichezo hawaruhusiwi kuzungumza na mchezaji wa softiboli kuhusu kumsajili kabla ya Septemba 1 ya darasa la 11. Vyuo vya daraja la tatu havitoi udhamini wa michezo kabisa. Ni kweli mrushaji NiJaree Canady, binti wa Topeka, Kansas, alihamia chuo cha Texas Tech mwaka 2024 kwa mkataba wa zaidi ya dola milioni moja. Ni mmoja kati ya maelfu wanaorusha. Kwa sasa ligi ya mtaa inatosha: mwalimu mzuri wa nusu saa kwa wiki, na masomo yasiyumbe.

Ukitaka kutumia pesa kwa ajili yake, iko njia nyingine. Softiboli inarudi kwenye Olimpiki mwaka 2028, na ingawa mwenyeji ni Los Angeles, michezo yenyewe itachezwa Oklahoma City. Kutoka kwako Dallas ni saa tatu na kitu kwa gari. Atakuwa na miaka kama 14, ameshaanza kurushia mita 13.1. Mkatie tiketi upande wa nyuma ya mdakaji, aone mpira ukimjia.