Ulimi umesafika lakini tonge bado linakwama kifuani

SWALI: Shikamoo daktari. Niko Mafinga. Kaka yangu yuko kwenye kazi za mbao na anatumia ARV, ila mwaka jana aliziacha kwa miezi kadhaa, amerudi kliniki mwezi uliopita. Mdomo ulijaa utando mweupe, tukadhani ni vumbi la mbao na baridi hii. Duka la dawa wakampa nistatini ya maji. Siku kumi sasa, ulimi umesafika, lakini akimeza ugali tonge linakwama katikati ya kifua na kuchoma. Jirani anasema anywe flukonazoli kidonge kimoja cha 150 tu, yataisha. Ni kweli?

JIBU: Marahaba dada. Mimi ni mfamasia hapa Mbeya, udaktari umenipa bure, lakini swali lako ni la dirishani kwangu kabisa.

Hapo uliposema "katikati ya kifua" ndipo penye jibu. Fangasi waitwao kandida wakikaa mdomoni, unawaona: utando kama maziwa yaliyoganda, ukiukwangua panabaki pekundu, pengine damu kidogo. Wakishuka kwenye umio, ile njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, huwaoni tena. Unachosikia ni maumivu ya kumeza. Na nistatini haiingii kwenye damu. Inaua fangasi inaowagusa tu. Ndiyo maana tunasema mtu aizungushe mdomoni muda mrefu kadiri awezavyo ndipo ameze, mara nne kwa siku. (Wengi huitia maji, wakasukutua mara moja na kutema. Hapo hata mdomo haujatibiwa.) Hata akiitumia sawasawa, kwenye umio inapita kama maji ya mtoni. Haikai.

Umio unahitaji dawa inayopitia kwenye damu, na ya kwanza ni flukonazoli. Inazuia fangasi kutengeneza mafuta fulani yanayoshikilia ngozi ya seli zao. Jirani amepatia jina la dawa, amekosea kipimo. Kidonge kimoja cha 150 ni cha fangasi wa ukeni. Kwa umio, mtu mzima hupewa miligramu 200 hadi 400 mara moja kwa siku, kwa siku 14 hadi 21. Inakaa mwilini muda mrefu, kwa hiyo mara moja kwa siku inatosha, awe amekula au hajala. Wengi hupata nafuu ndani ya wiki ya kwanza, na hapo ndipo hukosea: ugali ukishapita, vidonge vinawekwa kabatini. Amalize. Akiwa hawezi kumeza kabisa, hospitali watampa kwa dripu.

Na msikubali kuuziwa griseofulvini kwa sababu tu nayo ni "ya fangasi". Ile ni ya mapunye, kandida haiwagusi.

Lakini dada, msiinunue dukani na kumaliza hapo. Arudi CTC, ile kliniki yake ya ARV. Shirika la Afya Duniani linaweka fangasi wa mdomoni kwenye hatua ya tatu ya VVU, na wa umio kwenye hatua ya nne. Maana yake kinga ya kaka yako imeshuka sana, na wengine hujificha hapohapo: TB, na fangasi wa kwenye ubongo waitwao kriptokoka. Wamwangalie CD4 (hesabu ya seli za kinga), wampime TB, wampime na kriptokoka kwa damu. Akiwa na kichwa kinachouma siku nyingi, shingo ngumu au kuchanganyikiwa, aende hospitali leo, hiyo si ya kungoja kliniki ya kesho.

Vidonge vyake vya ARV, kama ni TLD (tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri kwenye kidonge kimoja), havigombani na flukonazoli. Vinavyogombana ni vingine. Rifampisini ya TB inapunguza nguvu ya flukonazoli (na huwalazimu kumwongezea dolutegraviri). Glibenklamidi ya kisukari ikikutana nayo inaweza kushusha sukari kupita kiasi, na warfarini huzidi makali hadi mtu akatokwa damu. Mwenye ini bovu au figo dhaifu, na mama mjamzito, hawa waamuliwe na daktari.

Kwa sasa ugali apumzike nao. Uji uliopoa, viazi vilivyopondwa, parachichi; pilipili na chai ya moto aziache, na ulanzi pia. Baada ya siku saba za kipimo sahihi kama bado linachoma, arudi: huenda wakaingiza kamera kuangalia umio, kwa sababu vidonda vya virusi navyo huumiza vivyo hivyo na flukonazoli haiviwezi. Kliniki aende na kadi yake ya CTC na mfuko wenye pakiti za dawa zote anazotumia, hata zile za kienyeji.