Uzito wa sauti ya RCA 44 hautokani na uzee

Wapo wanaodhani maikrofoni ya RCA 44 ina sauti nzito, yenye besi nyingi, kwa sababu imezeeka. Hapana, si uzee. Ilikuwa na besi hiyo tangu ikiwa mpya, miaka ya 1930. Ndani kuna utepe wa alumini, mwembamba kuliko unywele, unaoning'inia katikati ya sumaku. Sauti za juu hazitoki na makali, na kwa kuwa utepe unapokea mbele na nyuma, ukiisogelea karibu besi inapanda mno. Ndiyo maana mtangazaji mwembamba alisikika kama jitu! Rudi nyuma kama nusu mita, inatulia. Ila ikiwa utepe umelegea, au fundi ameweka mwingine wa unene tofauti, hapo sauti hubadilika kweli. Na tafadhali, usiijaribu kwa kuipuliza.